Mkanda Uliobanwa

Mwinuko wa Masingini ndio ulioniambia kwanza kwamba skuta yangu inaumwa. Masingini ndiyo sehemu ya juu kabisa ya Unguja, mita 119 kutoka usawa wa bahari, na kwa sisi tunaokaa upande wa Kianga na kufanya kazi mjini, huo ndio mtihani wa kila jioni. Miaka mitatu niliupanda na mke wangu nyuma, mfuko wa samaki ukining'inia mbele, wala sina wasiwasi. Mwaka wa nne nikaanza kusikia injini inavuma kupita kawaida huku chombo kinatambaa. Ikafika siku mke wangu akawa anashuka kwenye kona ya mwisho, anamalizia kwa miguu, mimi namngoja juu. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Fundi wa kwanza aliwasha, akapiga resi mara mbili tatu, akasema ringi, zile pete za pistoni, zimekwisha, injini ifunguliwe. Wa pili akasema kabureta. Nilikuwa nimeshaanza kuweka pesa za ringi pale ami yangu alipokuja nyumbani Ijumaa moja baada ya sala. Ami ni mtu wa Vespa za gia tangu ujana wake, zile ambazo gia unaizungusha kwa mkono wa kushoto. Ya otomatiki kama yangu hajawahi kumiliki. Nikamweleza yaliyonisibu, akaniuliza swali moja tu.

“Ukiwa mlimani, inavuma au inakata pumzi?”

“Inavuma, Ami. Inavuma sana.”

“Basi injini yako nzima, mwanangu. Injini iliyochoka haivumi. Nguvu ipo, inapotea njiani. Tutizame inapotelea wapi.”

Swali hilo ndilo ninaloanzia mpaka leo skuta yoyote ikiletwa uwani kwangu. Mtu huja ameshaambiwa abadilishe pistoni, kumbe tatizo liko upande wa pili kabisa, ndani ya kava refu la kushoto ambalo wengi hawajawahi kulifungua tangu wanunue chombo.

Tukalifungua palepale, chini ya mwembe. Bolti zake zilikuwa za urefu tofauti, na Ami akanifundisha jambo ambalo sijaliacha: chora umbo la kava kwenye kipande cha katoni, kila bolti ichomekwe kwenye katoni mahali ilipotoka. Ukiichomeka bolti ndefu kwenye tundu la fupi, unapasua aluminiamu, na aluminiamu haina msamaha. Alinitaka pia nivue kikoi nivae suruali. Alisema kitu chochote kinachozunguka na nguo inayopepea visikutane hata kwa bahati mbaya.

Kava lilipotoka, vumbi jeusi lilimwagika kama masizi ya jiko la mkaa. Lilikuwa ni mpira. Ulikuwa ni mkanda wangu, umesagika kidogo kidogo kwa muda wote huo. Usilipulize vumbi hilo kwa mdomo. Mimi nalifuta kwa kitambaa chenye maji, nimejifunga kitambaa kingine puani.

Nieleze kilichomo humo, maana ukikielewa hutadanganywa tena. Mbele, kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na injini, kuna puli ya sahani mbili zilizoelekeana, zimetengeneza mfereji wa umbo la V. Nyuma, karibu na tairi, kuna puli nyingine ya namna hiyohiyo. Mkanda mmoja mpana unaziunganisha. Sahani ya nje ya puli ya mbele haisogei, ila ya ndani inasogea, na mgongoni mwake imebeba rola sita kwenye njia zilizoinama. Injini ikizunguka polepole, rola zimetulia karibu na katikati, sahani ziko mbalimbali, mkanda umezama chini. Hiyo ndiyo gia ya kwanza. Injini ikiongeza mzunguko, rola zinatupwa nje kama maji yanavyoruka kwenye nguo unayoikung'uta, zinapanda kwenye njia zao, zinaisukuma sahani, na mkanda unabanwa kupanda juu. Mkanda hauna mahali pa kurefuka, kwa hiyo ukipanda mbele lazima uzame nyuma. Puli ya nyuma inalazimishwa kufunguka dhidi ya springi kubwa inayotaka kuifunga. Hapo gia zinapanda, bila kukata na bila mshtuko.

Puli ya nyuma haifanyi kazi kwa springi peke yake. Ndani yake mna mifereji ya mshazari na pini zinazotembea humo. Ukifika mlimani na tairi likawa zito, mzigo huo huo unazisukuma pini, puli inajifunga, mkanda unarudi chini mbele, gia inapungua yenyewe. Nilipolielewa hili nilinyamaza kidogo. Chuma hiki kinapima uzito wa mke wangu na ukali wa mlima kwa wakati mmoja, hakina waya wala kompyuta. Wazo lenyewe lina umri wake: Waholanzi wa DAF waliliingiza kwenye motokaa ndogo mwaka 1958, motokaa nzima ikiendeshwa kwa mikanda ya mpira. Injini yangu ni ya aina ya GY6, sentimita za ujazo 150, mchoro wenye asili ya Honda wa Japani ambao leo unatengenezwa na viwanda vingi vya Asia, na hiyo ni neema kwa mtu wa spea.

Tukapima. Mkanda una namba zake mgongoni, 743-20-30: urefu milimita 743, upana milimita 20, pembe ya nyuzi 30. Wa kwangu upana wake ulikuwa umebaki milimita 18 na nukta kidogo. Milimita mbili hazionekani kitu, lakini fikiria mkanda mwembamba ndani ya mfereji wa V. Unazama zaidi kotekote. Nyuma unakaa chini kuliko unavyotakiwa, kwa hiyo gia ya kwanza si ya kwanza tena. Mbele haufiki ukingoni, kwa hiyo gia ya mwisho huipati. Unaibiwa mwanzo na unaibiwa mwisho, tena pole pole kiasi kwamba sikio lako linazoea kila mwezi.

Rola ndizo zilizonishangaza. Mpya ni mviringo, kipenyo milimita 18, urefu 14. Zangu zilikuwa zimepata kitako. Ukiziweka mezani hazibingiriki, zinakaa kama tende. Rola yenye kitako hung'ang'ania njiani, haipandi kwa wakati wake, na chombo kinabaki kwenye gia ndogo huku injini inapiga kelele. Nilikuwa nimeshikilia mkononi ule uvumi wa Masingini.

Nikanunua mkanda na rola Darajani, zilizoandikwa gramu 13 kama zilizokuwemo. Kesho yake, Jumamosi, Ami hayupo, nikaamua kufunga peke yangu. Nimeshamwona akifungua, nikajiona naweza. Kilichofuata nakieleza kirefu kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kwa watu wengi, na ni kosa la kimya.

Nilipanga rola, nikapachika sahani ya ndani kwenye krenki, nikavalisha mkanda, nikaweka sahani ya nje yenye mapanga ya feni, nikakaza nati. Puli ikawa inazunguka pamoja na spana, sikuwa na kifaa cha kuizuia, nikachomeka bisibisi kwenye mapanga ya feni. Panga moja likakatika. Nikaendelea. Nati ikawa ngumu, ngumu kabisa, mpaka mkono ukauma. Nikafunga kava. Jumapili nikapanda Masingini na mke wangu nyuma, skuta ikapanda kama siku niliyoinunua. Tulifika juu tukacheka wote wawili.

Jumatano asubuhi, karibu na Amani, nikaanza kusikia mgongano: ko, ko, ko, kila nikiachia mafuta. Nikadhani jiwe. Kabla sijafika Mwanakwerekwe injini ikalia kwa nguvu na chombo kikasimama katikati ya dala dala mbili. Nilisukuma mpaka pembeni, nikampigia Ami.

Alipofungua, nati ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Sahani ya nje, ambayo katikati yake ina meno yanayoingiliana na meno ya krenki, ilikuwa imelika yote, tundu limekuwa duara laini. Vipande vya chuma vilimetameta kwenye vumbi. Meno ya krenki yalikuwa yamepata alama tu, na mpaka leo nashukuru. Krenki ingekatika meno, injini nzima ingefunguliwa, na zile pesa za ringi nisingezitosheleza.

“Ulikaza?” Ami akauliza.

“Nilikaza kwa nguvu zangu zote, Ami.”

Hakunigombeza. Alichukua mkanda, akauvalisha, akaweka sahani ya zamani ile iliyolika, akaniambia niinamishe kichwa nitizame kwa pembeni. “Unaona hapa?” Mkanda ulikuwa umekaa juu, umesimama kati ya sahani mbili kama mtu aliyeweka mguu mlangoni. Sahani ya nje haikuwa imefika kwenye bushi yake, lile bomba fupi la chuma lililo katikati ya puli. Nilipokuwa nakaza Jumamosi, nilikuwa nakaza dhidi ya mpira. Nati ilikuwa ngumu mkononi kwa sababu inauminya mkanda, si kwa sababu chuma kimekutana na chuma. Injini ilipowaka mara ya kwanza mkanda ukateleza chini, nafasi ikabaki, na nati ikawa haina inachokishika. Ilichukua siku tatu.

Dawa yake ni kazi ya nusu dakika. Kabla ya kugusa nati ya mbele, nenda nyuma. Shika sahani za puli ya nyuma kwa mikono miwili, zitanue kwa nguvu, springi itakataa, endelea, kisha usukume mkanda uzame katikati mpaka chini. Mkanda ukizama nyuma, mbele unalegea, unaning'inia. Sasa ingiza sahani ya nje mpaka uisikie inagonga bushi. Shika mkanda kwa vidole: lazima ucheze. Tizama meno ya krenki yajitokeze nje ya sahani sawasawa. Ndipo ukaze. Ukimaliza, zungusha puli ya nyuma kwa mkono mizunguko kadhaa, utauona mkanda unapanda wenyewe nyuma na kujikaza. Mimi huzungusha nikihesabu mpaka 20, si kwa sababu kitabu kimesema, ila kwa sababu kuhesabu kunanizuia kuharakisha.

Bisibisi kwenye feni niliiacha siku hiyohiyo. Nilimpelekea mchomeleaji ubapa wa chuma wenye urefu wa mkono, akatoboa matundu mawili na kuweka pini zinazoingia kwenye sahani, mkia wake ukaegemea mwili wa injini. Sasa naweza kukaza kwa kipimo. Kitabu cha injini hii kinataka karibu nyutoni mita 55 kwa nati ya mbele. Niliazima spana ya kupimia mara ya kwanza, baadaye nikanunua yangu, na ndiyo spana niliyoilipia ghali kuliko zote nilizonazo. Bunduki ya upepo ya gereji inafungua vizuri sana. Kufungia siikubali, maana haikwambii umefika wapi.

Kuna mtego mwingine mdogo papo hapo. Rola zinakaa kati ya sahani ya ndani na bamba la nyuma yake, na bamba hilo halifungwi na chochote. Ukiinua sahani bila kulibana bamba kwa kidole gumba, linateleza, rola moja inaruka kwenye njia ya jirani, na hutajua mpaka uwashe. Nalibana tangu mezani mpaka puli imeingia kwenye krenki, na siachii hata kama simu inalia. Na usipake grisi kwenye rola. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema. Joto linaiyeyusha, mzunguko unaitupa, inaangukia mkanda, na mkanda wenye grisi hauna kazi tena.

Skuta ilipotengemaa na sahani mpya, ndipo nikapata hamu ya kuirekebisha iendane na mzigo wangu. Gramu 13 zilipangwa kwa mtu mmoja barabara ya tambarare. Mimi nina watu wawili na mlima. Rola nyepesi zinahitaji mzunguko mkubwa zaidi ndipo zipande, kwa hiyo injini inabaki kwenye gia ndogo muda mrefu na kufanya kazi pale ilipo na nguvu. Nzito zinapandisha gia mapema, kelele inapungua, mvuto nao unapungua. Vijana wengi wanadhani nyepesi ni kasi. Hapana, ni suala la kuiweka injini mahali pake. Kitabu cha skuta yangu kinasema nguvu ya juu iko kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika. Basi swali linakuwa: nikizungusha mafuta mpaka mwisho pale Masingini, injini inakaa wapi?

Nilinunua kijisaa cha kuhesabu mizunguko, kile ambacho waya wake unauzungushia waya wa plagi tu, hukati kitu. Mke wangu nyuma, mafuta mwisho, kona ileile: na gramu 13 kilisoma 6,400. Nikaweka gramu 10. Kikaruka 8,200, injini inalia, mlima tukaupanda kweli lakini barabara ya Amani ilinichosha masikio, na petroli ya wiki ikaisha siku ya nne. Nikazitoa.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitilia shaka namba zilizoandikwa. Mkunazini kuna sonara ninayemfahamu, nikamwomba anipimie rola kwenye mizani yake ya dhahabu. Alizipanga kwenye kitambaa chekundu anachowekea pete, akazipima moja moja kwa utulivu uleule. Pakiti iliyoandikwa gramu 12 ilikuwa na rola ya 11.7 na nyingine ya 12.4. Sita za seti moja, hazilingani. Kwenye puli inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, rola nzito inawahi, nyepesi inachelewa, sahani inasukumwa upande, na njia zinalika vibaya. Niliwarudishia dukani hizo mbili, wakanibadilishia bila neno. Tangu hapo sifungi rola ambayo haijapita kwenye mizani.

Nilichokaa nacho mwisho ni mchanganyiko: tatu za gramu 11 na tatu za 12, zikipishana moja moja ili uzito ugawanyike sawa pande zote. Jumla gramu 69 badala ya 78. Kijisaa kinasoma 7,200 pale konani, na tambarare naongea na mke wangu bila kupaza sauti. Kabla ya kuridhika nilifanya jaribio la kalamu: unachora mistari kwa kalamu nzito ya wino kutoka katikati ya sahani mpaka ukingoni, unafunga, unakwenda safari moja ukifika mwendo wa juu, unafungua. Mkanda unakuwa umefuta wino mpaka pale ulipopanda. Wangu ulifuta hadi ukabakisha kama milimita moja ukingoni. Hapo nilijua sijapoteza gia ya mwisho kwa kuitafuta ya kwanza. Jaribio hilo halina gharama, nalipenda kuliko yote.

Kisha nikakosea tena, mara hii kwa tamaa. Dukani wanauza springi ya nyuma iliyo ngumu zaidi, imeandikwa 1500, nyekundu nzuri, na muuzaji akanihakikishia chombo kitaruka. Kweli, nikiachia mafuta na kuzungusha tena, kilikuwa kinaitika haraka. Baada ya wiki mbili nikaanza kusikia harufu ya mpira nikisimama nyumbani. Niligusa kava, halishikiki. Springi ngumu inaubana mkanda wakati wote, na kila kubanwa ni joto. Nilipopima, mkanda mpya ulikuwa umepoteza upana ambao nilitarajia upotee kwa miezi. Kwa injini ambayo haijaongezwa nguvu hakuna sababu ya springi hiyo. Niliirudisha ya kiwandani, joto likashuka siku ileile. Makosa yangu hapo yalikuwa mawili, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nimebadilisha na viatu vya klachi, na harufu ilipoanza sikujua nilaumu kipi. Siku hizi nabadilisha kitu kimoja, naandika kwenye daftari, naendesha wiki nzima, ndipo naruhusu mkono wangu uguse kingine.

Klachi yenyewe haina mambo mengi. Viatu vitatu vimeshikwa na springi ndogo. Mzunguko ukitosha vinatanuka, vinalishika bakuli, tairi linakwenda. Ya kwangu ilikuwa inatetema kila nikiondoka kwenye taa, mtetemo unaoufikia mgongo wa abiria. Nilikuta viatu vimeng'aa kama kioo na ndani ya bakuli mna rangi ya buluu ya joto. Nilikwangua viatu kwa msasa kwa kuzunguka, nikausugua uso wa bakuli, nikaosha kwa sabuni na kukausha juani. Ikatulia. Ukiona grisi imesambaa ndani ya bakuli, usiishie kuifuta: imetoka kwenye puli ya nyuma, mpira wake wa kuzuia grisi umekwisha, na itarudi.

Jambo la maji nalisema kwa sababu ya kwetu. Enzi barabara ya Mwanakwerekwe ilipokuwa ikijaa kila masika, nilipita nikidhani injini ikiwa juu ya maji basi niko salama. Kava la mkanda linavuta hewa ya kupozea kupitia tundu lake, na hewa ikivutwa kwenye maji yanavutwa maji. Nusu ya njia injini ikavuma, chombo hakiendi. Mkanda uliolowa ni sabuni. Nilifika nyumbani nikisukuma, nikafungua, nikakausha kila kitu, nikakuta na oili ya gia za nyuma imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yameingia humo pia. Nikaimwaga, nikaweka mpya ya namba 80W-90. Oili hiyo watu huisahau miaka na miaka kwa sababu tundu lake limejificha. Mvua ikinyesha sana siku hizi naacha chombo nyumbani, napanda dala dala.

Ami aliniomba funguo mara moja tu. Alikuwa amesikia nikisifia gramu 69, akasema anataka kuona. Akapanda Masingini peke yake na koti lake la kila siku, akarudi baada ya robo saa, akazima, akakaa juu ya kiti bila kushuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado unatafuta gia. Akasema, “Haikati hata kidogo.” Kisha akaniambia nimletee daftari, akasoma ukurasa mmoja mmoja.

Juzi nimefungua tena. Mkanda umetembea kilomita 6,000 na umebaki milimita 19.4. Rola mbili zimeanza kupata kitako kidogo, huwezi kukiona kwa macho, unakisikia ukizibingirisha kwenye kioo. Nimeandika, nimezirudisha, zina muda bado. Nilikuwa nakaza bolti ya mwisho ya kava mke wangu alipotoka, baibui amelishika mkononi, akauliza kama iko tayari, maana arusi ni saa kumi na tunapita Masingini.